Sindano za Kichina kwa Wanaotafuta Mtoto: Ni Halali, Lakini Je, Zafaa?

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Wiki hii tumeazimia kulijibu kikamilifu swali ambalo hapo awali tulilijibu nusu. Yapata miaka mitatu iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, tulipokea kipande cha karatasi kutoka upande wa pili wa pazia. Mwandishi wake alikuwa mwanamke aliyekwisha kukaa miaka minne katika ndoa bila ya kupata mtoto. Aliuliza kama inafaa kuchomwa sindano za Kichina ili apate mimba. Tukajibu kwamba hapana ubaya, kwa kuwa tiba ni halali maadamu hamna ndani yake shirki wala haramu. Kisha tukaliendea swali jingine.

Mwaka jana mwanamke yule alitujia nyumbani pamoja na mumewe. Ndipo tulipotambua kwamba jibu letu alilichukua kama ahadi. Alikwenda kuchomwa sindano kila wiki kwa zaidi ya mwaka mmoja, akauza bangili zake mbili za dhahabu, na katika muda wote huo hakuna daktari aliyempima yeye wala mumewe. "Sheikh, wewe ulituambia yafaa," alisema kwa heshima, bila ya kulaumu. Sisi ndio tuliojilaumu. Karatasi ile ilikuwa na maswali mawili: je, ni halali? Na je, itanifaa? Tulilijibu la kwanza, la pili hatukuliona.

Sindano hizi ni zipi?

Akupancha ni tiba ya kale ya Uchina, yenye historia ya zaidi ya miaka elfu mbili. Mganga huchoma sindano nyembamba sana katika sehemu maalumu za mwili, kama vile mikononi, miguuni, tumboni na hata masikioni, kisha huziacha kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Sindano hizo hazina dawa ndani yake. Waganga wa Kichina wa kale waliamini kwamba mwilini hupita nguvu ya uhai katika njia zake, na kwamba maradhi hutokea njia hizo zinapoziba. Watafiti wa leo hutafuta maelezo mengine: kwamba huenda sindano huamsha mishipa ya fahamu, hulegeza misuli na kumpunguzia mtu wasiwasi.

Wako wanaoifananisha tiba hii na hijama yetu. Zinafanana kwa kuwa zote mbili huigusa ngozi kwa ncha kali, lakini tusizichanganye. Hijama ya kuchanja hutoa damu, nayo ina asili katika Sunna. Akupancha haikusudii kutoa damu, wala haina asili hiyo. Kwa hivyo asitokee mtu akaiuza kwa jina la Mtume (S.A.W.).

Ilivyoingia katika tiba ya uzazi

Mnamo Julai 1978, katika mji wa Oldham nchini Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Katika tiba hiyo, ijulikanayo kwa herufi za IVF, mke hudungwa dawa za kupevusha mayai, mayai hutolewa, hukutanishwa na mbegu za mume katika maabara, na kiinitete kinachopatikana hurejeshwa katika mji wa mimba. Ni tiba ghali na yenye kuchosha mwili na moyo, na mara nyingi hairudishi jibu linalotarajiwa. Si ajabu basi kwamba watu walitafuta cha kuisaidia.

Mwaka 2002 madaktari wa Ujerumani walichapisha utafiti uliowafurahisha wengi. Waliwachukua wanawake 160 waliokuwa wakifanyiwa IVF. Nusu yao walichomwa sindano kabla na baada ya kurejeshewa kiinitete, na nusu hawakuchomwa. Katika wale 80 waliochomwa, 34 walishika mimba. Katika 80 wengine, 21. Habari hiyo ilienea, na zahanati nyingi za ng'ambo zikaanza kutoa huduma ya sindano pamoja na IVF.

Lakini msomaji makini atauliza: wale wasiochomwa walijua kwamba hawakuchomwa. Je, kilichofanya kazi ni sindano, au ni matumaini na utulivu wa kuhudumiwa zaidi? Ili kulijibu hilo, watafiti wa Australia na New Zealand waliwachukua wanawake 848 wa IVF. Baadhi yao walichomwa sindano za kweli, na wengine waliwekewa sindano bandia zisizoingia katika ngozi, mbali na sehemu zinazotajwa na Wachina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliojifungua mtoto hai katika kundi la sindano za kweli walikuwa asilimia 18.3, na katika kundi la sindano bandia asilimia 17.8. Kwa hesabu za kitabibu, hiyo si tofauti.

Uchina kwenyewe, nyumbani kwa tiba hii, wanawake 1,000 wenye maradhi ya PCOS, ambayo huyazuia mayai yasipevuke ipasavyo, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Hapo palikuwa na sindano za kweli na za bandia, na pia kidonge cha kupevusha mayai kiitwacho klomifeni pamoja na kidonge bandia. Waliopewa klomifeni, takriban 29 katika kila 100 walijifungua. Waliopewa kidonge bandia, takriban 15. Ama sindano, hazikuongeza idadi ya waliojifungua, si peke yake wala pamoja na kidonge.

Tumezitaja hesabu hizi kwa urefu ili tusimwambie dada yetu neno tupu. Muhtasari wake ni huu: sindano zinaweza kumtuliza mwanamke aliye katika kipindi kigumu, na utulivu ni neema. Lakini tafiti kubwa na madhubuti zaidi hazikuonyesha kwamba zinamwongezea nafasi ya kupata mtoto. Na kama mirija ya uzazi imeziba, au mume hana mbegu za kutosha, hakuna sindano ya ngozini iliyothibitika kuliondoa tatizo hilo.

Sharia yasemaje?

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na akatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Kujitibu basi hakupingani na kutawakali. Asili ya akupancha ni uhalali, kwa masharti.

Kwanza, itikadi iwe salama. Anayetibiwa aichukulie kuwa ni sababu miongoni mwa sababu, na aliyeponya ni Mwenyezi Mungu peke yake. Mganga akichanganya sindano na hirizi, mizimu au ramli, basi ondoka hapo mara moja.

Pili, sitara. Sindano za uzazi huchomwa tumboni na miguuni, na mwanamke huhitaji kujifunua. Atangulize mganga mwanamke. Asipompata na akawa na haja ya kweli, basi mwanamume mwaminifu, asifunue ila penye haja, wala wasikae faragha. Mumewe au maharimu wake awepo.

Tatu, asijidhuru. Sindano ziwe mpya, zitolewe katika pakiti mbele ya macho yake na zitupwe baada ya kutumika, kwani sindano zilizotumika huambukiza maradhi ya damu kama homa ya ini. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye maradhi ya kutokwa na damu, amuulize daktari kwanza. Na mitishamba inayouzwa pamoja na sindano asiitumie bila ya kumjulisha daktari wake wa uzazi.

Wengi pia hutuuliza kuhusu Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika uamuzi wake wa mwaka 1997 mjini Jeddah, lilieleza kwamba sindano za tiba za ngozini, misulini na mishipani hazifunguzi saumu, isipokuwa zile za kumlisha mgonjwa. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa sindano yenye dawa, basi isiyo na kitu ndani yake ni nyepesi zaidi.

Ama IVF yenyewe, Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa yake mwaka 1980, na Baraza hilo la Fiqhi likaamua mjini Amman mwaka 1986: yajuzu kwa haja, mradi mbegu ni za mume, yai ni la mke, mji wa mimba ni wa mke huyo huyo, na ndoa yao ingali hai. Akiingia mtu wa tatu, kwa mbegu, kwa yai au kwa tumbo la kukodi, basi ni haramu, kwa sababu ya kuhifadhi nasaba.

Vipimo kwanza, na viwe vya wawili

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba takriban mtu mmoja katika kila sita duniani hupatwa na tatizo hili katika maisha yake. Si aibu ya nyumba moja. Utaratibu wa madaktari ni huu: mume na mke wakikaa miezi 12 pamoja bila ya kuzuia uzazi na mimba isipatikane, waende kupimwa. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, wasingoje zaidi ya miezi sita, kwa sababu mayai hupungua kadiri umri unavyosonga. Huu ndio uzito wa jambo lenyewe. Fedha iliyopotea yaweza kurudi, lakini mwaka wa mwanamke wa miaka 37 haurudi.

Na mume apimwe mapema, si mwisho. Katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo cha manii hakina maumivu, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na vipimo anavyofanyiwa mke. Hata hivyo, hapa kwetu pwani mke ndiye anayekandwa tumbo kwa mafuta, anayenyweshwa kombe na mizizi, anayechomwa sindano, na mume amekaa barazani akingoja habari. Yule bwana aliyekuja nyumbani kwetu alitukiri kwamba alikataa kupimwa kwa miaka mitano, kwa kuwa aliona ni kuuvunja uanaume wake. Alipopimwa hatimaye, tatizo lilionekana kuwa kwake.

Tunawaomba pia mamavyaa na mawifi waihifadhi midomo yao. Katika Suratu Shura, Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba Yeye humpa amtakaye mabinti, humpa amtakaye wana wa kiume, wengine huwachanganyia, na amtakaye humfanya tasa. Mpaji ni Yeye, basi mke anasimangwa kwa lipi? Bi Aisha (R.A.), Mama wa Waumini na mwanachuoni wa umma huu, hakuzaa, wala hadhi yake haikupungua. Na Nabii Zakaria (A.S.) aliomba mtoto hali mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, na dua yake haikuwa ya kumlaumu mkewe.

Jibu letu la pili

Siku ile mwanamke yule alituuliza tena, na safari hii aliuliza vizuri zaidi kuliko tulivyomjibu mwanzo. Alisema: "Sheikh, sasa hospitali imetushauri tufanye IVF. Je, niendelee na sindano pembeni?"

Tukamwambia: mwanetu, halali bado ni halali. Ukiona zinakutuliza, ukampata mganga mwanamke, daktari wako akajua, na fedha ya tiba yenyewe ikawa imekwisha kutengwa, basi hapana neno. Lakini usiuze bangili nyingine kwa ajili yake, usiahirishe miadi ya hospitali kwa sababu yake, na ukiziacha usidhani umejikosesha mtoto. Kama ni utulivu unaoutafuta, basi usingizi wa kutosha, rakaa mbili za usiku na mume anayekushika mkono njiani ni utulivu usiouzwa.

Mume akatikisa kichwa, akasema atakwenda naye kila miadi. Hadi tunapoandika makala haya wangali katika matibabu, na matokeo yake yako kwa Mwenyezi Mungu.

Nasi tumejifunza kwamba mtu akituuliza kama dawa fulani ni halali, huenda chini ya swali lake kuna kilio. Maimamu wenzetu na walimu wa madrasa, tukiulizwa, tuongeze neno moja: "Je, mmekwenda kupimwa, nyote wawili?"

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaruzuku wanaotafuta kizazi chema, awape subira wanaongoja, na azitie rehema nyumba zetu, zenye watoto na zisizo na watoto. Amin. Wallahu a'lam.