Matete Husafisha Tope la Maji Taka, Lakini Jihadhari

Huenda umewahi kuuziwa mbolea nyeusi ya bei nafuu iliyotolewa kwenye vidimbwi vya maji taka. Kabla ya kuitia kwenye sukuma wiki, soma haya.

Maji ya choo yanaposafishwa, uchafu mzito hutuama chini na kuwa tope. Tope hilo lina naitrojeni na fosforasi, ambazo ni chakula cha mimea. Lakini pia hubeba mayai ya minyoo. Mnyoo jike mmoja wa aina ya askaris hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na mayai hayo huweza kuishi udongoni kwa miaka.

Mimea inayokua upesi hupunguza hatari hii. Nchini Denmark, matete yametumiwa tangu miaka ya 1980. Hutengenezwa kitalu chenye changarawe na mchanga, matete yakapandwa juu, kisha tope likamwagwa kidogo kidogo kwa zamu. Mashina yanapoyumba na mizizi inapopenya, maji hupata njia ya kushuka na hewa ya kuingia. Majani nayo hutoa maji kama mvuke, huku bakteria wakilila tope. Baada ya miaka kadhaa kitalu hujaa, kikapumzishwa kabla ya kuchimbwa.

Huko Uswidi, mji wa Enköping ulianza mwaka 2000 kumwagilia miti ya wilo maji yaliyotoka kwenye tope. Miti hiyo hukatwa na kuwa kuni za kupashia mji joto; hailiwi.

Hilo ndilo fundisho kubwa. Metali kama risasi na kadimiamu, zitokazo viwandani, haziozi. Hubaki kwenye tope au huingia ndani ya mmea. Kwa hivyo nyasi za kitalu cha namna hii asipewe ng'ombe kabla hazijapimwa.

Je, ufanye nini? Uliza tope lilitoka wapi na limekaa muda gani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2006 kwamba, penye joto la nyuzi 20 hadi 35, lihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja. Usilitumie kwa mboga zinazoliwa mbichi. Vaa glavu na buti, nawa mikono kwa sabuni, pika mboga hadi ziive. Mtoto akilalamika tumbo mara kwa mara, mpeleke zahanati apimwe minyoo.