Krediti moja, masaa 25: hesabu mpya ya masta Kisangani

KISANGANI, Tshopo – Profesa mgeni anatua Bangboka Jumapili. Jumatatu asubuhi anaanza kozi ya masaa 45, Jumamosi jioni ameimaliza. Wanafunzi wa masta wamekaa darasani masaa 7 na nusu kila siku, na kwenye programu ya mwaka kozi hiyo imeandikwa krediti 3. Ila katika mfumo mpya krediti 3 si masaa 45, ni masaa 75. Hayo 30 yaliyobaki ni ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kuandika, kufanya mazoezi, kurudia kile asichokielewa. Akitaka kuyamaliza ndani ya wiki ileile, ataongeza masaa 5 kila siku juu ya yale ya darasani. Itakuwa kazi ya masaa 12 na nusu kwa siku.

Kozi za namna hii zinajulikana sana katika vyuo vya Congo, ambako maprofesa ni wachache na wengi wao huzunguka kutoka mji hadi mji. Ndiyo maana swali la krediti, linaloonekana kama jambo la makaratasi ya ofisi, linamgusa moja kwa moja kila kijana anayetafuta masta hapa Kisangani.

Mfumo wenyewe unaitwa LMD, yaani lisansi, masta na doktora. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa ndiyo iliyoufungulia mlango, lakini vyuo vya nchi nzima viliuanza kwa pamoja katika mwaka wa masomo 2021-2022, wakati Muhindo Nzangi alipokuwa waziri wa elimu ya juu. Muhula mmoja una krediti 30, mwaka una 60. Lisansi inachukua miaka mitatu na krediti 180, masta inaongeza miaka miwili na krediti 120. Krediti moja ni masaa 25 ya kazi ya mwanafunzi. Kwa mgao unaotumiwa mara nyingi, 15 ni ya darasani, maabara na mazoezi pamoja na mwalimu, na 10 ni ya kazi binafsi.

Tofauti na zamani iko hapo. Katika mfumo wa graduwa na lisansi, kozi ilipimwa kwa masaa ya mwalimu: masaa 30, 45, 60. Mwalimu akishamaliza masaa yake, kozi imekwisha. Krediti inauliza swali lingine kabisa: mwanafunzi wa kawaida anahitaji muda gani ili ajue kitu hiki? Idara inatakiwa kwanza kuandika kile ambacho mwanafunzi ataweza kufanya mwishoni, kisha ikadirie masaa ya darasani, ya mazoezi, ya kusoma na ya kujiandaa kwa mtihani, iyajumlishe, halafu igawanye kwa 25. Kozi zote za muhula zikijumlishwa zisizidi krediti 30 wala zisipungue.

Iko njia fupi, na inavutia sana. Unachukua programu ya zamani, unagawanya masaa kwa 15, na kazi imekwisha: kozi ya masaa 45 inapata krediti 3, ya 60 inapata 4. Kwenye karatasi hakuna kosa. Lakini masaa 10 ya kila krediti yanazaliwa bila mtu kuyapanga. Hakuna kitabu kilichotajwa, hakuna kazi iliyotolewa, hakuna wa kuisahihisha. Tena mwalimu mgeni hulipwa kwa masaa aliyofundisha. Hakuna anayelipwa kwa masaa ambayo mwanafunzi amekaa peke yake na daftari.

Ugawaji huo unaamua pia nani anafaulu. Pointi za kozi huzidishwa kwa krediti zake kabla ya kutafuta wastani. Mwanafunzi aliyepata 14 juu ya 20 katika kozi ya krediti 2, na 8 katika kozi ya krediti 6, anabaki na 9.5, chini ya nusu. Pointi zilezile zikibadilishana kozi, anapata 12.5 na kupita. Idara inapompa profesa mmoja krediti 6 na mwenzake 2, basi, haigawi heshima kati ya walimu. Inagawa uzito wa matokeo ya watu.

Upande mzuri wa mfumo huu ni kwamba krediti ikishapatikana haipotei. Aliyekwama katika kozi moja harudii zile alizokwisha kufaulu.

Hesabu ya aina hii haikuanzia Afrika wala Ulaya. Nchini Marekani, taasisi ya Carnegie ilianza mwaka 1906 kulipa pensheni za maprofesa, ikaweka vipimo ambavyo chuo kilipaswa kutimiza ili walimu wake wazipate. Vipimo vya masaa vikaenea kutoka hapo. Mwaka 1910 mhandisi Morris Cooke, aliyekuwa akichunguza vyuo kama anavyochunguza viwanda, akapendekeza kuhesabu saa moja ya mwanafunzi mmoja darasani. Ulaya ilikuja na krediti zake mwaka 1989, ili mwanafunzi anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine asipoteze masomo yake, na Azimio la Bologna la 1999 likazifanya kuwa lugha ya pamoja. Congo imefuata njia hiyo ya Ulaya.

Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, kimepita katika mabadiliko mengi. Kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963 kama Chuo Huru cha Congo, kikamezwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kikapata kusimama chenyewe mwaka 1981. Leo kinajulikana mbali kwa masomo ya misitu na viumbe, na hapo krediti inapata mtihani wake mgumu. Mwaka wa pili wa masta, tasnifu pamoja na kazi ya uwanjani huchukua kwa kawaida muhula mzima: krediti 30, sawa na masaa 750. Anayepima miti katika hifadhi ya Yoko, barabara ya Ubundu, au Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka mjini, anaweza kumaliza masaa hayo kabla hajaandika ukurasa wa kwanza. Siku za kungoja mtumbwi mtoni au barabara ikauke hazina krediti.

Mjini nako hali si nyepesi. Kazi binafsi kwa muhula wa krediti 30 ni masaa 300, yaani masaa 20 kila wiki kwa wiki 15. Kwa mwanafunzi anayesoma usiku huku umeme ukikatika, na ananunua intaneti kwa megabaiti, masaa hayo 20 yana bei. Wengi wa masta pia wana kazi na familia.

Halafu liko neno lisansi lenyewe. Baba aliyesoma zamani alifanya graduwa miaka mitatu na lisansi miwili, mitano jumla. Mtoto wake leo anaitwa mwenye lisansi baada ya miaka mitatu. Neno ni moja, uzito ni mwingine, na mwajiri asiyesoma zaidi ya kichwa cha diploma atawachanganya.

Nje ya mipaka, namba hudanganya hata zaidi. Tangu 2022 Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Tanzania inahesabu krediti moja kwa masaa 10. Masta ya krediti 180 huko ni masaa 1,800. Ya Congo, krediti 120, ni masaa 3,000. Uganda hupima kwa masaa 15 ya kukutana na mwalimu, bila kuandika ya kazi binafsi. Ulaya, krediti moja ni masaa 25 hadi 30, kwa hiyo 120 za Kisangani zinasomeka Ubelgiji bila kubadilishwa.

Zinasomeka, ila chuo cha nje huomba pia maelezo ya kila kozi: ilifundisha nini, kwa masaa mangapi, mwanafunzi alifanya kazi gani, alipimwa vipi. Anayefikiria kuomba nafasi Kampala, Dar es Salaam au Liège afadhali aombe karatasi hizo kwenye fakulte yake wakati angali anasoma, maana baada ya miaka miwili profesa mgeni atakuwa amesharudi Kinshasa na kozi yake.