Lenzi Nayo Ina Kufu Yake

Wazee wetu wa pwani walipoletewa posa, swali la kwanza halikuwa la mahari. Waliuliza: je, huyu ni kufu yake? Kufu ni neno zito. Si uzuri wala utajiri, bali ni kule kulingana kwa watu wawili, hata wakitiwa nyumba moja wakae. Mtu aweza kuwa mwema, na mwenziwe akawa mwema vilevile, na wema wao usiingiane kamwe. Neno hilo ndilo hunijia kila nionapo vijana wetu wakihangaika na vyombo vya kupigia picha, maana sijaona kitu kinachodai kufu kama kamera na lenzi yake.

Huenda msomaji akashangaa kwamba ukurasa huu, uliozoea mashairi, ngoma na taarabu, leo wazungumza habari za vioo na chuma. Asishangae. Arusi zetu na maulidi yetu siku hizi hukumbukwa kwa picha kuliko kwa tenzi. Aliyezipiga picha hizo ni msanii kama wasanii wengine, na chombo chake kikimwangusha hatuna wa kutusimulia yaliyopita.

Mpwa wangu mmoja hapa Mombasa, binti wa dada yangu, kazi yake ni kupiga picha za kupamba. Kwa wasomaji wetu wa bara nieleze kidogo. Kupamba ni siku bibi arusi anapoonyeshwa kwa wanawake wenzake akiwa amepambika kwa dhahabu, hina na mavazi. Sisi wanaume hatuingii, kwa hivyo haya nayasimulia kwa kusimuliwa. Mpiga picha sharti awe mwanamke, na mara nyingi wageni hukatazwa kutoa simu zao. Maana yake ni kwamba picha zitakazobaki ni zile za mpwa wangu peke yake. Zikiharibika, hakuna jirani wa kuazimwa. Na ukumbi wenyewe, kwa alivyonieleza, huwa na kiza cha makusudi: taa za rangi, jukwaa linalong'aa, na kwengine kote vivuli.

Kamera yake ni Nikon D3200, na lenzi ni ile iliyokuja nayo ndani ya kasha, ya milimita 18 hadi 55. Baada ya Idi akanijia.

"Mjomba, nimeweka pesa mwaka mzima. Kuna mtu ataka kuniuzia lenzi ya hamsini, bei yake nzuri. Na asema nisitie shaka, ni Nikon kwa Nikon."

"Imeandikwaje, mwanangu?"

Akanionyesha picha yake kwenye simu. AF NIKKOR 50mm, 1:1.8, na mwisho herufi D.

"Hii itaingia kwenye kamera yako na itafunga barabara," nikamwambia, "lakini haitalenga yenyewe. Utazungusha kwa mkono, usiku kucha, na bibi arusi hakai tuli."

Sikumwambia hivyo kwa uganga. Katika kazi hii ya magazeti nimebeba kamera miaka mingi, na jambo hili lina asili yake.

Kila kampuni ya kamera ina mdomo wake, yaani ile duara ya chuma ambayo lenzi huvishwa na kuzungushwa hata isikike imefunga. Nikon iliutoa mdomo wake uitwao F mwaka 1959, nayo ikaushika katika kamera zake kubwa za kioo, za filamu na kisha za dijitali. Canon ikafuata njia nyingine. Mwaka 1987 iliuacha mdomo wake wa zamani uitwao FD, ikaleta mpya uitwao EF, na mwenye kabati la lenzi za FD akajiona kama mtu aliyeamka akakuta nyumba yake imebadilishwa kufuli. Hapa nakumbuka ule ubishi wa washairi wetu wa miaka ya 1970, kati ya walioshika vina na mizani na wale waliovivunja. Mimi ni mtu wa vina. Lakini katika jambo hili la lenzi nakiri kwamba aliyevunja alikuwa na hoja nzuri.

Hoja yenyewe ni mota. Lenzi ili ilenge yenyewe yahitaji kitu cha kuisukuma. Canon, maadamu ilianza upya, iliiweka mota ndani ya kila lenzi yake ya EF inayojilenga. Kwa hivyo lenzi ya EF iliyotengenezwa na Canon mwaka 1987 yaweza kuvishwa kamera ya EOS ya dijitali ya leo yenye kioo, na ikalenga bila matata. (Nasema iliyotengenezwa na Canon, kwani Sigma za zamani zenye mdomo huohuo aghalabu huifanya kamera mpya itoe alama ya kosa na kugoma.) Nikon, kwa kuuhifadhi mdomo wake, iliiweka mota ndani ya kamera. Msumari mdogo hutokeza kwenye mdomo, ukaingia nyuma ya lenzi na kuizungusha. Mpango huo ulifanya kazi vizuri, mpaka kampuni ilipotaka kutengeneza kamera ndogo, nyepesi na za bei nafuu. Kuanzia D40 ya mwaka 2006, na katika ukoo wa D3000 na ule wa D5000, mota hiyo iliondolewa. Kamera hizo ndizo zilizojaa mikononi mwa vijana wetu, maana ndizo za bei ya kufikika.

Basi mwenye kamera ya ukoo huo asome maandishi ya lenzi kabla ya kutoa pesa. Akiona AF peke yake, au AF na D, ajue hiyo yangoja mota ya kamera, na kamera yake haina. Atafute AF-S, ambayo mota yake i ndani ya lenzi. Kuna na nyingine changa zaidi, AF-P, lakini hiyo nayo ina deko zake: D90 na D3000 haziwezi kuilenga kabisa, na D3300 ilihitaji kwanza kutiwa programu mpya ya ndani. Lenzi ile ya D si mbovu, yafaa ieleweke. Ivishe kamera ya D7200 au D610, zenye msumari wake, nayo italenga. Ni njema, ila si kufu ya D3200.

Muuzaji hakusema uwongo aliposema Nikon kwa Nikon. Alisema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza.

Mpwa wangu akauliza swali la maana: je, hiyo hamsini ina faida gani, hata ahangaike kuitafuta ya AF-S? Faida ni tundu la mwanga. Lenzi yake ya kasha ikivutwa hadi 55 hufungua tundu kwa kiasi cha 5.6 tu, na hamsini hufungua hadi 1.8. Namba hizi huenda kinyume, ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Ukipiga hesabu, ya pili huingiza mwanga karibu mara 10 ya ile ya kwanza. Katika ukumbi wa kiza hiyo ndiyo tofauti baina ya uso wa bibi arusi na kivuli chenye vipuli.

Hata hivyo hamsini ina adabu yake. Kamera ndogo kama D3200 hupokea picha kwenye kibao cha takriban milimita 24 kwa 16, kile mafundi wakiitacho sensa (siyo ile ya kuhesabu watu). Filamu ya zamani ilikuwa 36 kwa 24, na lenzi ya hamsini ilipimwa kwa hiyo. Kibao kikiwa kidogo huchukua kipande cha katikati tu, na lenzi ikaonekana kama imesogea mbele: kwa Nikon hamsini huona kama 75, kwa Canon kama 80. Katika ukumbi mpana haina neno. Lakini ukiingia vyumba vyetu vya Mji wa Kale, ambapo ndugu wanane hukaa chumba cha watu watatu, utarudi nyuma hata mgongo ugonge ukuta na bado nusu ya shangazi imebaki nje ya picha. Ndiyo maana nikamwambia ile ya kasha asiiuze. Kwenye 18 yake ndipo familia itaenea.

Wiki ya pili akaja na wazo jingine: aongeze pesa kwa mkopo wa chama chao, anunue kamera kubwa, Nikon D750, yenye kibao kamili cha 36 kwa 24. Kamera hiyo ni nzuri, na mota inayo. Lakini nilimuuliza ataivisha nini. Lenzi yake ya kasha ni ya DX, yaani imechongwa kwa kibao kidogo. Itaingia, ila duara la mwanga wake halifiki pembe za kibao kikubwa, kwa hivyo kamera hukata kingo, na kutoka nukta milioni 24 hubaki milioni 10 hivi. Atakuwa amelipa jumba akae ukumbini. Mwili mpya bila lenzi ya kuujaza ni deni lenye kamba ya shingoni.

Kwa Canon mlango ni mgumu zaidi. Lenzi za kibao kidogo, EF-S, zilizoanza mwaka 2003, hutokeza nyuma kuliko EF, na kamera ya kibao kamili ina kioo kikubwa kinachopanda na kushuka. Canon ikazifunga zisiingie kabisa. Alama zake ni rahisi: lenzi yenye nukta nyekundu ni EF, yenye mraba mweupe ni EF-S. Tazama mdomo wa kamera yako. Ukiwa na alama zote mbili, zapokewa zote. Ukiwa na nukta nyekundu pekee, mraba mweupe usiulazimishe, utavunja.

Mafundi wa madukani watakwambia kuna adapta, ile pete ya kuozesha wasiooana. Ipo kweli, lakini nayo ina sheria. Kila mdomo una umbali wake hadi kwenye kibao: Nikon F ni milimita 46.5, Canon EF ni 44. Lenzi ya Nikon yaweza kuvishwa Canon kwa pete nyembamba, kwa sababu kuna nafasi ya milimita mbili na nusu. Utalenga kwa mkono, lakini utaona hadi upeo wa bahari. Kinyume chake hakiwezekani bila kuongeza kioo, kwa kuwa lenzi ya Canon itakaa mbali mno na kibao na upeo utakuwa ukungu. Ndiyo hali ya zile lenzi za parafujo za Zenit na Praktica, za umbali wa 45.46, ambazo wazee wengi bado wanazo makabatini. Kwa Canon huona mbali, kwa Nikon huona karibu tu. Na mwenye lenzi ya Nikon ya kabla ya mwaka 1977 isiyorekebishwa, asiivishe kamera kama D7000, maana yaweza kuvunja kijiti kidogo pembeni mwa mdomo.

Kuna na jambo la kesho. Tangu mwaka 2018 Nikon na Canon zimehamia kamera zisizo na kioo, na nguvu zao zote zi huko. Kila moja imetoa mdomo mpya, Z kwa Nikon na RF kwa Canon. Umbali wake ni mfupi sana, milimita 16 na milimita 20, kwa hivyo pete ya kuvishia lenzi za zamani ina nafasi tele. Mwenye EF au EF-S atahama nazo zikilenga kama kawaida. Mwenye AF-S wa Nikon naye atahama salama. Lakini pete ya Nikon haikutiwa msumari wa mota, na zile AF za D zikifika huko hulengwa kwa mkono tu, hata kwenye kamera ya bei ya gari. Hii ndiyo sababu nyingine ya kumshikilia mpwa wangu kwenye AF-S: kamera ataibadilisha, lenzi ataondoka nayo.

Aliipata, ya mkono wa pili, 50mm ya AF-S, 1.8, herufi yake ya mwisho ni G. Kamera akaiacha ileile, na mkopo wa chama hakuuchukua.

Kabla hajalipa nilimtaka afanye mambo matatu mbele ya muuzaji. Aivishe kwenye kamera yake mwenyewe, si ya duka, alenge kitu cha karibu kisha cha mbali, asikilize mota. Afungue tundu hadi mwisho, apige picha kwenye kivuli, aikuze kwenye kioo cha nyuma atazame kope. La tatu ni la sisi watu wa pwani, na wenzetu wa Nairobi huwa hawalijali: aitie tochi kutoka nyuma, atazame ndani. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha kuvu kwenye vioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na kuvu hula ule mpako wa kioo. Ukiziona nyuzi hizo, irudishe kwa mwenyewe, hata akikupunguzia nusu. Na ukiinunua iliyo safi usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu ambavyo huja ndani ya viatu vipya, na kila baada ya siku chache itoe uitumie.