Bayi hakusubiri matuta, kijana wa Mafia unasubiri nini?

KWA mwanafunzi wa Mafia, fainali ya mita 1500 ni safari ndefu kwa kazi ya dakika nne hivi. Aking'ara wilayani kwenye UMISSETA, inabidi avuke bahari kutoka Kilindoni ndipo akagombee nafasi ya Mkoa wa Pwani. Avuke maji yote hayo, halafu aachwe mita 100 za mwisho kwa sababu alikubali kukimbia mbio za mwenzake? Inauma.

Shabiki wa soka analielewa hili haraka. Timu isiyo na wapiga penalti wazuri haipaki basi dakika 120 kusubiri matuta. Inasaka bao mapema.

Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Kwenye fainali za ubingwa, wakimbiaji wengi huanza taratibu, wanachungana, hakuna anayetaka kuongoza na kuwakinga wenzake upepo. Mzunguko wa mwisho ukifika, wanafyatuka. Hapo mwenye spidi ya kumalizia ndiye mfalme.

Filbert Bayi wa Karatu aliukataa mchezo huo. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyo wa miaka 20 aliondoka na mlio wa bastola. Mita 800 alizipita kwa takriban dakika 1:52. Nyuma yake alikuwepo John Walker, mwenyeji mwenye finishi kali, na Ben Jipcho wa Kenya.

Walker alikuja kweli mwishoni, uwanja wa kwao ukilipuka. Lakini miguu ilishatumika kumkimbiza Mtanzania. Bayi akamaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker, 3:32.52, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili!

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kisa timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini ya makaburu. Bila Bayi, fainali ilitambaa. Mita 800 zilichukua zaidi ya dakika mbili. Walker akafyatuka zikibaki kama mita 300, akabeba dhahabu kwa 3:39.17. Sekunde saba nyuma ya Bayi, lakini dhahabu ni dhahabu.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi? Wote. Kila mmoja alicheza mchezo unaoifaa miguu yake.

Kuongoza nako kuna gharama. Moscow 1980, kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Bayi alikwenda mbele kwa nguvu, ila Bronislaw Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho. Bayi akabaki na fedha.

Ndiyo maana kocha wa shule asiishie kupiga kelele "kimbia!" Ampime kijana mita 200 akiwa ameshachoka, siyo akiwa fresh. Akibaki na spidi, atulie kundini, asizibwe ndani, asubiri. Akiwa hana, aanze mapema, awachoshe wenye nayo.

Uamuzi huo ufanyike Kilindoni, kabla ya kupanda boti.