Mnyororo Uzuiao Damu

Mtu ajikatapo kwa wembe akinyoa ndevu, damu hutoka kidogo kisha hukoma. Mojawapo ya protini zifanyazo kazi hiyo huitwa fakta ya von Willebrand, nayo ina umbo la mnyororo. Pete zake hutengenezwa katika seli zilizotanda ndani ya mishipa ya damu. Kwanza huungwa mbili mbili kwa mikia, kisha jozi hizo huungwa kwa vichwa. Kifungo chao ni atomu mbili za salfa zilizoshikana. Mnyororo mrefu huzinasa vyema chembe sahani za damu, nazo huziba jeraha. Ukiwa mfupi au haba, damu huchelewa kukoma.

Mwaka 1926 daktari Erik von Willebrand wa Finland aliueleza ugonjwa huo katika ukoo mmoja wa visiwa vya Åland. Binti mmoja wa ukoo huo alifariki akiwa na miaka 13, kwa damu ya mwezi isiyokoma.

Basi mzazi asidharau hedhi nzito kupita kiasi wala mtoto kutokwa damu puani mara kwa mara. Asimpe aspirini, ampeleke kwa daktari, kwani dawa zipo.