Ndege wa Mida na matope tunayoyadharau

Mwezi wa Machi, kaskazi ikikaribia kwisha, pita hori ya Mida kule Watamu maji yakiwa yamekupwa. Utawaona vitwitwi, ndege wadogo wa kijivu, mamia kwa mamia, wakichokoa matope bila kupumzika. Wanafunga mzigo wa safari. Kufikia Juni wengi wao watakuwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, ambako miezi hiyo jua halitui.

Vijana wetu huniuliza: ndege ana nini hata aache joto la Pwani akafuate barafu?

Jibu la kwanza ni watoto. Kiangazi cha Siberia ni kifupi, lakini barafu ikiyeyuka wadudu hufumka kila mahali. Mwanga haukatiki, kwa hivyo kifaranga hula karibu saa zote na kukua upesi. Jibu la pili ni njaa. Kiangazi kikiisha ardhi huganda ikawa kama jiwe, na mdomo hauingii. Ndipo ndege hurudi kwetu, ambako matope hayagandi na maji hupwa mara mbili kwa siku.

Nyangumi wenye nundu tunaowaona Watamu na Kilifi kati ya Julai na Septemba nao wana hesabu kama hiyo, ila wameigeuza. Wao hula kwenye bahari baridi ya Antaktika, kisha huja huku kwenye maji ya vuguvugu kuzaa na kupandana, na wakiwa huku karibu hawali kitu. Pa kula na pa kulea si lazima pawe pamoja. Mnyama anayehama ni yule aliyelazimika kuwa na makao mawili.

Sasa wanafikaje? Kwanza kwa mafuta. Kabla ya kuondoka ndege hula hadi mwili ujae shahamu, na hiyo ndiyo petroli yake. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii hii ya pwani, aliyefungwa chombo cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Pili, kwa dira. Huongozwa na jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia. Tatu, kwa upepo. Hupenda kuondoka upepo ukiwa mgongoni, kama walivyofanya manahodha wetu walipongoja kusi ndipo warudi Arabuni.

Ajabu zaidi ni kwamba vitwitwi wazima hutoka Siberia mapema, na watoto hufuata baadaye peke yao. Hakuna aliyewaonyesha njia. Sura ya Al-Mulk inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu. Mimi nikitazama hili, nasema Subhanallah.

Wako pia majirani zetu wa zamani. Yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, huzaa kwenye mashimo ya mchanga katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Baada ya kulea huja Mida, kwa njia ile ile ya majahazi.

Lakini safari ya namna hii ina udhaifu mmoja: ikikatika sehemu moja, imekatika yote. Huko Korea Kusini, mwaka 2006, ulikamilika ukuta wa bahari wa Saemangeum, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 33. Matope waliyokuwa wakitua makumi ya maelfu ya ndege yalifungiwa maji. Wapo waliodhani ndege watasogea fukwe za jirani. Haikuwa hivyo; jamii iliyotegemea sana mahali pale ilipungua hata katika hesabu za Australia, ambako hakuna aliyegusa kitu.

Ndiyo maana huwa sikubali nikisikia mtu akisema ufuo wa hori ni matope tu, afadhali ufukiwe, ujengwe. Ndege aliyefika na mifupa mitupu akakuta ukuta hana pa kwenda. Tena mikoko na matope hayo ndiyo yanayolea kaa, kamba na samaki wadogo ambao kesho ni kitoweo chetu. Anayekata mikoko ovyo au kumwaga taka horini anamnyima ndege wa Siberia na mtoto wa mvuvi chakula kwa pamoja.

Hatuwezi kuilinda Siberia wala Oman. Sehemu yetu katika safari hii ni hori, mikoko na fukwe zetu. Tukizitunza hizo, tumetimiza wajibu wetu.