Jinsi umri na mshahara vinavyoamua malipo ya kustaafu

WALIMU wawili wanaofunza katika shule moja mjini Rongo, Kaunti ya Migori, wenye cheo kimoja na mshahara mmoja, huenda wakastaafu kwa malipo tofauti kabisa. Kinachowatenganisha ni umri waliokuwa nao Januari 1, 2021, siku ambayo mpango mpya wa malipo ya uzeeni kwa watumishi wa umma ulianza kutekelezwa. Aliyekuwa hajatimiza miaka 45 aliingizwa humo kwa lazima. Aliyekuwa ameuvuka umri huo aliachiwa hiari ya kujiunga au kubaki katika utaratibu wa zamani.

Suala hili si dogo Migori na Homa Bay, ambako mshahara wa mwalimu mmoja mara nyingi ndio unaolipa karo ya watoto wa ukoo mzima.

Katika utaratibu wa zamani, mtumishi hakatwi pesa zozote kwa ajili ya pensheni yake. Serikali huchukua mshahara wake wa msingi wa mwaka, huuzidisha kwa idadi ya miezi aliyotumikia, kisha hugawanya kwa 480. Tuseme mwalimu ana mshahara wa msingi wa Sh60,000 kwa mwezi na ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni yake ni Sh540,000 kwa mwaka. Akichagua kubadilisha robo yake kuwa kiinua mgongo, robo hiyo huzidishwa mara 20, naye hupokea Sh2.7 milioni kwa mkupuo. Kinachobaki ni Sh33,750 kila mwezi.

Ni vyema kuzingatia neno "msingi". Marupurupu ya nyumba hayahesabiwi, wala yale ya mazingira magumu wanayopewa walimu wa visiwani kama Mfangano. Mwalimu aliyezoea kuishi kwa mapato yake yote hushtuka anapoona hesabu ya mwisho.

Umri nao una uzito wake. Tangu Aprili 2009 watumishi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60 badala ya 55, na walio na ulemavu wakiwa na miaka 65. Mtu anaweza kuondoka akiwa na miaka 50, lakini bei yake ni kubwa. Mwalimu yuleyule akiondoka baada ya miaka 20 kazini, kwa mshahara huohuo, kiinua mgongo chake hushuka hadi Sh1.8 milioni na pensheni hadi Sh22,500 kwa mwezi. Asiyefikisha miaka 10 ya utumishi hapati pensheni ya kila mwezi.

Kwa kuwa hesabu hutegemea mshahara, nyongeza isiyolipwa humfuata mtu hadi uzeeni. Serikali ilipokubaliana na walimu kuhusu nyongeza ya mishahara mwaka 1997, kisha ikasitisha malipo baada ya awamu ya kwanza, walimu waliostaafu miaka iliyofuata walipigiwa hesabu kwa mishahara ya zamani. Walienda kortini, na Mahakama Kuu ya Nakuru ikaamua kwa upande wao mwaka 2008. Hata baada ya ushindi huo, kupata pesa zenyewe kulikuwa vita vingine vya miaka mingi, na baadhi yao walifariki wakisubiri.

Mpango mpya hauangalii mshahara wa mwisho bali akiba. Mtumishi hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi (alianza kwa asilimia 2 mwaka 2021, kisha 5 mwaka 2022) na serikali huongeza asilimia 15. Kwa mwenye Sh40,000, hiyo ni Sh9,000 kila mwezi. Miaka aliyotumikia kabla ya 2021 haipotei. Hapa anayefaidika ni aliyeanza mapema, kwa sababu pesa za ujana hukaa na kuzaa faida kwa muda mrefu zaidi. Kupandishwa cheo mwaka mmoja kabla ya kustaafu, jambo lililokuwa neema katika utaratibu wa zamani, hakubadilishi mengi.

Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari Awendo hutegemea Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Kwa miaka mingi alichangia Sh200 tu kwa mwezi na mwajiri kiasi hichohicho, hata mshahara ukipanda vipi. Tangu Februari 2023 kila upande hutoa asilimia 6 hadi kiwango kilichowekwa, hivyo mwenye Sh20,000 huwekewa Sh2,400 badala ya Sh400.

Mvuvi wa Mbita au mchimba dhahabu wa Macalder hana mwajiri wa kumchangia. Anaweza kujiwekea mwenyewe katika mpango wa Haba Haba wa NSSF, la sivyo husubiri Inua Jamii: Sh2,000 kwa mwezi akitimiza miaka 70, mradi hapokei pensheni ya serikali. Hapo mapato ya ujanani hayaulizwi kamwe. Kinachotazamwa ni mwaka ulio kwenye kitambulisho.

Na mwaka huo ndio huwaponza wazee wengi, maana walikadiriwa umri walipokuwa wakisajiliwa. Kwa mtumishi wa umma, tarehe inayofuatwa ni ile aliyoandikisha alipoajiriwa mara ya kwanza. Anayegundua kosa akiwa na miaka 59 huwa amechelewa.